Gari la Kwenda Gachoka

Wanaume wa mtaa wetu wa Majengo wakisimulia habari hii husema Idrisi alikosea kuchagua gari. Mimi mkewe nasema wazi: aliyechagua ni mimi. Idrisi alitaka boksibodi. Nilimpigia kelele siku nne mpaka akachoka, na Mungu anisamehe, maana mdomo wangu ndio uliotupeleka kwetu ndani ya Landrova.

Naitwa Rahema, jina nililopata niliposilimu na kuolewa hapa Meru. Kwetu ni Gachoka, kule chini Mbeere. Idrisi ni mchinjaji, na duka lake la nyama liko hatua chache kutoka msikitini. Mwaka huo wa hamsini na sita tulikuwa na watoto watatu. Mwanarusi alikuwa na miaka saba na maswali ya watu wazima. Mbarak alikuwa bado ananyonya. Katikati yao alikuwa msichana wa miaka mitatu na nusu ambaye chuoni aliandikwa Mwanamisi, lakini nyumbani tulimwita Ciakuthii, jina la mama yangu. Kwetu binti wa pili ni wa mama wa mke. Hapewi jina tu. Yeye ndiye bibi mwenyewe, amerudi mdogo.

Na mama yangu alikuwa hajamwona. Ciakuthii alizaliwa Imajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, ikiwa imepamba moto. Wambeere tulihesabiwa pamoja na Waembu na Wakikuyu, kwa hiyo sikuweza kutoka Meru bila pasi, na kila nilipoomba pasi niliambiwa ningoje. Nilingoja miaka mitatu. Idrisi, ambaye babu yake alitoka Tabora na misafara, alikuwa akienda anakotaka, na mimi nilikuwa nikimwangalia akienda.

Halafu mwezi wa saba kaka yangu Njeru akatuma barua. Maneno yalikuwa machache. Macho ya Mama yanaingia ukungu. La kushoto limeshakwisha, la kulia linaona kidogo, mtu akisimama karibu sana na jua likiwa nyuma yake. Anasema anataka kujiona kabla halijazimika.

Kujiona, maana yake kumwona Ciakuthii. Nilisoma barua ile nikalia mpaka Idrisi akaacha kunoa kisu.

"Nitakupatia pasi," alisema. "Na nitakupatia gari."

Pasi ilipatikana, maana wakati huo kamba ilikuwa imeanza kulegezwa kidogo. Gari ndilo lililotugombanisha. Basi lilifika Embu tu. Kutoka Embu kushuka Gachoka kulikuwa na barabara ya mawe na vumbi, na kabla ya kufika kwetu kuna mto mpana usio na maji wakati wa kiangazi, mchanga mtupu unaofika kwenye vifundo vya miguu. Huwezi kuwatembeza watoto watatu hapo na jua la Mbeere kichwani. Idrisi naye alikuwa akihitaji gari la kwendea minada ya ng'ombe huko Ruiri. Basi akaazimia kununua moja litakalofanya kazi zote mbili.

Yalikuwepo mawili. La kwanza ni boksibodi ya Misheck, mfanyabiashara wa viazi wa Ruiri, mbele chuma na nyuma mbao, ina viti vya benchi na madirisha ya turubai. La pili ni Landrova ambayo fundi Rashid, jirani yetu, aliipata kwenye mnada Nanyuki polisi walipokuwa wakiuza magari yaliyochoka.

Idrisi aliyakagua kama anavyokagua fahali. Alizunguka, akapiga kofi nyuma, akachuchumaa kutazama miguu, akaamuru kila moja liendeshwe polepole huku yeye akilifuata kwa nyuma kuona kama linachechemea.

"Lifungue mdomo basi uhesabu meno," Rashid akamwambia.

"Nacheka na wewe leo," Idrisi akajibu, "lakini ukiniuzia kilema sitacheka."

Mimi sikujua habari ya injini. Nilichojua ni watoto. Nikachemsha maziwa, nikajaza birika, nikapanda na wanangu wote watatu na birika mapajani. Nilisema gari litakalomwaga maziwa kidogo ndilo litakalobeba watoto wangu. Twende Ruiri na turudi, mara moja kwa kila gari.

Boksibodi ilimwaga tone tu. Ilikwenda kwa kuyumba kama mwanamke mnene anayetoka harusini, watoto wakasinzia. Lakini kwenye korongo dogo karibu na Ruiri gurudumu la nyuma likazama, likazunguka bure, na tukashuka wote kusukuma. Misheck alikuwa akisukuma huku akiisifia.

"Mama, hii gari iko mzuri sana. Hii inataka watu tu. Wawili watatu, inatoka."

"Na kama watu hawako?"

"Watu wako kila mahali," alisema Misheck.

Landrova ilimwaga nusu ya birika kwenye gauni langu. Viti vilikuwa vigumu, petroli ilinuka, Mwanarusi akatapika. Lakini korongo lile lile ililipita kama halikuwepo.

Ugomvi wetu ulianzia hapo. Idrisi alisema, "Rahema, mtihani uliuweka mwenyewe. Boksibodi imeshinda. Mtoto si gunia la chumvi."

"Maziwa yakimwagika nitachemsha mengine," nikamjibu. "Tukikwama kwenye ule mto na Mbarak huyu anayenyonya, utafanya nini? Utamsukuma yeye?"

"Gari la polisi mimi silipendi."

"Litapakwa rangi."

Ndiyo, hilo nililifikiria. Nisije nikaonekana mjinga kabisa. Nilijua watu wameteswa na magari yale ya kijivu. Nilimshikilia Rashid mpaka akaipaka bluu, bluu nzuri kama shuka la sikukuu, na mlangoni Mwanarusi akachora ua jeupe. Niliitazama nikaona imesilimu kama mimi. Kuhusu rangi nilifikiria vizuri. Mlio wake sikuufikiria hata kidogo. Hapa Majengo Landrova zilikuwa zikipita kutwa kwenda boma la serikali na hakuna aliyegeuza shingo, wala wauza nyama hawakuacha kufukuza nzi.

Tuliondoka baada ya swala ya asubuhi. Nilivaa leso mpya, nikabeba ndizi, mkate wa mofa na kitambaa cha pamba cha Mama. Njia nzima ya Chuka na kona zake Idrisi aliendesha kwa adabu. Kwenye vizuizi askari walituona kwa mbali wakainua mti wa njia kabla hatujasimama. Mmoja alipiga saluti. Idrisi akamrudishia kwa kofia yake ya mkono, ile ya kufuma, tukacheka mpaka machozi. Mchinjaji wa Majengo anapigiwa saluti!

Tulilala Embu kwa jamaa, na asubuhi tukaanza kushuka. Kadiri tulivyoshuka, vumbi lilizidi. Bluu ilififia, ua la Mwanarusi likazama, na gari likawa rangi ya vumbi kama magari yote. Mwanarusi alikuwa akiwapungia mkono watu wa njiani.

"Mama, mbona hawapungi?"

"Wana mizigo."

"Yule ameuweka chini mzigo. Amesimama kwenye majani. Na bado hapungi."

Nilimwambia anyamaze na ale ndizi. Nililijua jibu, nadhani, lakini sikutaka kuligusa. Tulikuwa tumekaribia mno, na mimi nilikuwa nikitazama vilima vya kwetu kwa macho ya mtu aliyefungiwa miaka mitatu.

Ule mto wa mchanga Landrova iliuvuka kwa ngurumo moja. Nilipiga makofi. Nikamwambia Idrisi, "Umeona? Umeona sasa?" Akatikisa kichwa akitabasamu, amekubali kushindwa.

Ng'ambo ile ndipo tuliposikia filimbi.

Nyumba za kwetu zilikuwa zimekusanywa pamoja karibu na kambi ya homugadi, wale askari wa kijijini wa serikali, jambo ambalo Njeru hakuliandika kwenye barua. Tulipoingia uwanjani watu walikuwa wakitoka mbio, wanawake, wazee, watoto. Hawakuwa wanakuja kwetu. Walikwenda uwanjani wakapanga safu mbili, wakachuchumaa, wakaweka mikono kichwani. Hakuna aliyewaambia. Hakuna aliyeuliza. Walifanya hivyo kwa haraka ile ile ambayo watu wa Majengo husimama mstari wakisikia imamu amekimu.

Katika safu ya mbele, wa tatu kutoka mwisho, alikuwa mama yangu.

Alikuwa amekonda. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimeanguka alipokuwa akikimbia, na alikuwa amechuchumaa kichwa wazi, nywele zake chache nyeupe zikionekana, vidole vyake vimefungamana juu yake. Uso aliuelekeza kwenye mlio wa injini. Hakuwa anaona kitu. Alikuwa anatusikiliza.

Mtu asiyetoka kwetu labda hatajua ukubwa wa jambo hili, kwa hiyo niseme. Kwetu mkwe na mama mkwe huogopana kwa heshima. Wakikutana njiani mmoja huingia kando ya njia. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na kamwe mwanamume hawezi kumwona mama wa mkewe kichwa wazi, sembuse akiwa amechuchumaa mbele yake mikono juu kama mwizi. Idrisi si Mmbeere lakini kwa miaka minane alikuwa ameishika desturi hiyo kuliko hata kaka zangu. Alipomwona alizima injini. Akavuta kofia mpaka machoni, akafungua mlango wa upande wa pili, akashuka, akaupa uwanja mgongo, akatembea kurudi mtoni.

Ndwiga, mkubwa wa homugadi, alikuja mbio na filimbi mdomoni, akabana miguu mbele ya gari. Badala ya afisa alimkuta mwanamke na mtoto titini.

"Nyinyi nani?" akauliza.

"Mimi ni binti wa Ciakuthii. Nimekuja kumsalimia mama yangu."

Alinitazama, akatazama safu zake, na aibu yake ikageuka hasira. "Nani aliwaambia mkuje na hii kitu? Nani?" Niligeuza shingo kutazama njia ya mtoni alikokwenda Idrisi.

Nilipogutuka, Ciakuthii wangu hakuwa kitini.

Alikuwa ameshuka peke yake. Aliutazama uwanja mzima, watu wote wamekaa namna moja, akadhani ni mchezo. Basi akaenda kwenye nafasi iliyokuwepo katika safu ya mbele, akachuchumaa, akaweka viganja vyake viwili kichwani, akatulia. Alikuwa amekaa bega kwa bega na mama yangu, bila kujua ni nani.

Mama akasikia pumzi ndogo kando yake. Kwa Kimbeere akanong'ona, "Mtoto, tulia. Usilie. Wataondoka tu."

"Silii," akajibu Ciakuthii, kwa Kimbeere kile nilichomfundisha jikoni.

"Wewe ni wa nani? Sikujui sauti."

"Mimi Ciakuthii."

Nikamwona Mama akitoa mkono mmoja kichwani, jambo ambalo siku nyingine lingemponza, akapapasa mpaka akapata uso wa mtoto. Pua, paji la uso, ule mwanya wa meno ya mbele ambao wote watatu tunao. "Ciakuthii ni mimi," alisema.

"Hata mimi."

Nilishuka nikaanguka pale vumbini mbele yao. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka mama alikuwa akigeuka huku na huku akilitafuta jua, mpaka akamweka mtoto mahali mwanga ulipokuwa nyuma yake, akausogeza uso wake karibu hata pua zao zikagusana. Alimtazama kwa lile jicho moja. Alimtazama muda mrefu sana, na safu zile mbili za watu bado zilikuwa zimechuchumaa, kwa sababu Ndwiga alikuwa amesahau kupiga filimbi ya kuwainua.

"Nimejiona," Mama alisema mwishowe. "Nilikuwa mzuri."

Alikuwa amefika nyumbani na amekalishwa ndipo alipouliza nani alikuwa akiendesha. Hakuna aliyetaka kumjibu. Njeru akanitazama, nami nikatazama chini. Mama akaelewa. Aliuvuta uso wake ndani ya kitambaa kipya nilichomletea.

Nje Njeru alinieleza kwa sauti ya chini. Mwaka uliopita Landrova ilikuja watu wakiwa shambani, wakachelewa. Wanaume waliokutwa wamesimama walipakiwa, na wawili mpaka leo hawajarudi. Tangu siku hiyo Mama, kwa sababu macho yamemwacha na masikio yamebaki, ndiye anayeisikia kwanza. Yeye ndiye huwaamsha wenzake. Hata filimbi ya Ndwiga huja nyuma yake.

"Na mumeo," Njeru akasema, "hawezi kuingia hapa. Si kwamba tunamfukuza. Lakini amemwona Mama vile. Lazima kondoo achinjwe kuisafisha aibu hiyo. Na lazima Mama mwenyewe aseme neno. Asiposema, amemaliza kuja hapa, na watoto wake pia itakuwa taabu kuja."

Nilimfuata Idrisi mtoni. Alikuwa amekaa mchangani na hakuwa amekunywa hata maji. Nilimwambia habari ya kondoo. Akasema atatafuta kumi. Nikamwambia anilaumu, anitukane, aseme boksibodi ilikuwa sahihi.

"Mimi nilipigiwa saluti nikacheka," alisema. "Njia nzima nilicheka."

Kondoo alipatikana, dume jeupe. Idrisi alimchinja mwenyewe pale ng'ambo, kwa bismillahi, na Njeru akabeba mafuta na mguu akampelekea Mama. Nilikaa mlangoni nikingoja neno. Kama asingesema chochote, ningerudi Meru na wanangu wangekua bila upande mmoja, na kosa lingekuwa langu.

Mama alipapasa nyama, akainusa. Halafu akamwita Njeru.

"Nenda ukamwambie mkwe wangu hivi. Leo macho yangu yalikuwa mabaya sana. Sikumwona mtu yeyote." Akakaza kitambaa chake kichwani. "Na kwa kuwa vumbi lilikuwa jingi, hata yeye hakuona mtu."

Njeru akaenda. Aliporudi alisema Idrisi alilipokea neno hilo akaweka paji la uso mchangani.

Tulirudi Majengo. Ningependa kusema mambo yaliishia hapo, na kwamba Landrova ilitumika kwa amani kwenda Ruiri. Lakini asubuhi ya kwanza Idrisi alipowasha injini, Ciakuthii alitoka nyumbani mbio, akachuchumaa uani, akaweka mikono kichwani. Alikuwa akicheka. Kwake ule ulikuwa mchezo wa bibi. Asubuhi ya pili tena. Ya tatu akamfundisha Mbarak, ambaye hata kutembea hajui, akamweka mikono kichwani na kumshikilia asianguke. Tulimkataza, tulimpa tende, nilimchapa mara moja nikajuta. Injini ikilia, yeye yuko chini.

Idrisi alivumilia siku sita. Ya saba aliizima, akaenda kwa miguu mpaka Ruiri kumtafuta Misheck. Walibadilishana gari kwa gari na hakutaka nyongeza. Misheck alidhani jamaa ameingiwa na wazimu. Mimi siku hiyo sikufungua mdomo.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata tulishuka tena Gachoka kwa boksibodi. Mama alikuwa amezimika macho yote mawili. Kwenye vizuizi tulisimamishwa kila mahali, tukateremshwa, tukafunguliwa mpaka kapu la ndizi. Watoto walisinzia kwenye mabenchi. Wanawake njiani walituomba tuwabebe, tukabeba watatu na mbuzi mmoja.

Kwenye mchanga wa mtoni, nusu ya njia, ikakwama. Nilijua itakwama. Magurudumu ya nyuma yalizama mpaka kwenye ekseli, injini ikapiga kelele zake za kikohozi, na jua likatukalia. Idrisi hakunitazama. Najua alikuwa anangoja niseme.

Kabla sijafungua mdomo, nikawaona. Walikuwa wanashuka kutoka ng'ambo, watu ishirini labda, wanakuja wamesimama, wanakuja mbio na wanacheka. Ndwiga alikuwamo, filimbi ikining'inia shingoni. Na katikati yao, ameshikwa mkono na Njeru, mama yangu.

"Nimesikia gari bovu," alikuwa akisema kwa sauti. "Nikawaambia gari bovu namna hii ni la watu."

Idrisi alikaza macho mbele na mikono yote kwenye usukani. Mama akapelekwa nyuma, akapapasa ubao, akauweka mkono wake hapo. Ciakuthii aliruka chini akaja kuweka wake kando ya ule. Nikaweka wangu. Ndwiga akahesabu, tukasukuma, ikatoka kidogo ikazama, tukasukuma tena. Mama yangu alikuwa akisukuma kwa nguvu kuliko wote, miguu imezama mchangani, leso imefungwa vizuri kichwani.

"Anaendesha nani?" akaniuliza huku akihema.

"Mwenye gari," nikamjibu.

"Mwambie asigeuke."

"Hatageuka, Mama."

Na Idrisi hakugeuka, mpaka tukafika.